Figo zako katika joto la Kisumu: maswali na majibu

Mimi ni mwendesha boda boda hapa Kondele. Nikinywa chai asubuhi, maji ni ya jioni. Mbona mkojo wangu ni kidogo na umekolea kama strungi?

Jua limekutoa jasho, maji mwilini yamepungua. Ubongo hutoa homoni inayoziamuru figo zibane maji, kwa hiyo taka zilezile hutoka na maji machache na rangi inakolea. Figo zinafanya kazi yake. Ila ukiziweka hivyo kila siku, unajitafutia vijiwe vya figo. Na ukinywa maji ya kutosha kwa siku mbili na rangi isibadilike, nenda ukapimwe.

Figo huchuja vipi?

Ziko mbili, mgongoni chini ya mbavu, kila moja ina urefu wa sentimita 10 hadi 12. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, viitwavyo nefroni. Kwa siku huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu. Mbona basi hatukojoi mapipa? Kwa sababu karibu yote hurudishwa kwenye damu, pamoja na sukari na chumvi tunazohitaji. Hubaki lita moja au mbili za mkojo: maji, urea (taka itokanayo na protini) na chumvi za ziada. Sukari ikizidi sana kwenye damu, figo hushindwa kuirudisha yote, ndiyo maana mwenye kisukari huweza kuwa na sukari kwenye mkojo.

Kisha?

Mirija miwili huusukuma mkojo kutoka figoni hadi kibofuni, hata ukiwa umelala. Mrija wa kutokea nje una sentimita 4 hivi kwa mwanamke, 20 hivi kwa mwanamume. Njia ikiwa fupi, bakteria hufika kibofuni upesi.

Kubana mkojo nikingoja abiria kuna ubaya?

Mara mojamoja, hapana. Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 400 hadi 600. Kuzoea ndiko kubaya, kwani bakteria hupata muda wa kuzaliana. Najua choo cha sokoni ni cha kulipia, na akina mama wauza mboga hujinyima maji kwa sababu hiyo. Lawama hiyo si yao.

Nikiona damu kwenye mkojo, ni kichocho cha ziwani?

Usikate shauri upesi. Kichocho cha Ziwa Victoria mara nyingi hushambulia utumbo na ini. Kile cha kibofu kimezoeleka zaidi Pwani. Damu yaweza kutokana na maambukizi, vijiwe au hata saratani. Peleka mkojo maabara, hata kama huna maumivu, kabla ya kununua dawa yoyote.