Dola si polisi, EK (Elimu ya Kujitegemea) si jembe: dhana zinazowapotosha wanafunzi wa Uraia

Nafundisha Uraia sekondari, mkoani Morogoro, na nina daftari ninaloandikia makosa yanayojirudia kila ninaposahihisha mitihani. Tahajia siihesabu. Ninayoyaandika ni makosa ya mtu aliyekariri vizuri na bado hajaelewa. Sehemu ya tatizo ni lugha: mwanafunzi anasoma somo hili kwa Kiingereza darasani, kisha akitoka nje anakutana na mambo yale yale kwa Kiswahili cha mtaani na cha redioni, yakiwa yamebeba maana nyingine, na hakuna anayemsaidia kuyaoanisha. Nimechagua dhana chache zinazonikera kuliko nyingine, kwa sababu madhara yake hayaishii kwenye karatasi ya mtihani.

"Dola na serikali ni kitu kimoja"

Kwanza tuliweke kando pacha wa neno hili, dola ya Marekani, ambayo haihusiani kabisa na mada yetu. Dola tunayoisema hapa imetoka kwenye Kiarabu. Kwa kipimo kilichozoeleka katika sheria ya kimataifa, kile cha Mkataba wa Montevideo wa 1933, dola inahitaji mambo manne: watu wanaoishi humo kwa kudumu, eneo lenye mipaka, serikali, na uwezo wa kuingia katika uhusiano na dola nyingine. Kwa hiyo serikali ni kiungo kimoja tu cha dola. Ni wale walioshika usukani kwa muda fulani.

Mfano ulio karibu ni Machi 2021. Rais John Magufuli alifariki tarehe 17, na Samia Suluhu Hassan akaapishwa tarehe 19 kwa mujibu wa Ibara ya 37 ya Katiba. Uongozi ulibadilika ghafla, lakini mikataba ya nchi, madeni yake, mipaka yake na uraia wetu vilibaki vile vile.

Katika mazungumzo ya kila siku neno hili limebanwa mpaka likabaki na maana ya polisi. Tunasema "vyombo vya dola" tukimaanisha askari na magereza, kwa hiyo kijana akisikia dola anaona kirungu. Vyama navyo vinasema vinataka "kushika dola", wakati kura zinawapa serikali, na kwa muhula tu. Hapo ndipo linapozaliwa lile ninaloliona baya zaidi: dawati la shule likivunjwa, wanafunzi wanasema "ni la serikali hilo", kana kwamba serikali ni tajiri fulani anayekaa mbali. Ni mali ya umma. Serikali imekabidhiwa tu kulitunza. Ibara ya 8 ya Katiba ya 1977 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Nawasomesha ibara hiyo kwa sauti kila mwaka.

Swali linalofuata huwa ni lile lile: "Mwalimu, je, Zanzibar?" Ni swali zuri, na halistahili kujibiwa kwa kunong'ona. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, ikaingia Umoja wa Mataifa mwezi huo huo, na mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964. Ilikuwa dola kamili mpaka tarehe 26 Aprili 1964, ilipoungana na Tanganyika. Leo ina rais wake, Baraza la Wawakilishi, bendera, na katiba yake ya 1984, lakini kiti cha Umoja wa Mataifa ni kimoja, cha Tanzania. Mjadala wa kama Zanzibar ni "nchi" uliwaka sana mwaka 2008, na mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa ili itamke kwamba ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Mwanafunzi anayejua kutofautisha nchi, dola na serikali anaweza kuufuata mjadala huo bila kumtukana mtu. Asiyejua ataishia kushabikia upande mmoja.

"Demokrasia ni wengi wape"

Methali hii ina utamu wake, na kwenye kuchagua kiranja inatosha. Lakini kama maana ya demokrasia inapwaya, na historia yetu wenyewe inaonyesha kwa nini.

Mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka nchi nzima kuwauliza watu kama wanataka mfumo wa chama kimoja uendelee au vyama vingi virudi. Takriban asilimia 80 walisema chama kimoja kiendelee. Asilimia 20 hivi walitaka vyama vingi. Pamoja na hayo, tume ilipendekeza vyama vingi, serikali ikakubali, na mwaka 1992 sheria zikabadilishwa. Uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo ulifanyika 1995. Kama wengi wape ndiyo sheria pekee, uamuzi ule ulikuwa wizi. Mimi naamini haukuwa wizi. Uhuru wa mtu kujiunga na wenzake wenye mawazo kama yake si kitu cha kupigiwa kura na wale wasioyapenda mawazo hayo. Haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, na kazi yake kubwa ni kumlinda aliye peke yake.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kudhani kwamba enzi za chama kimoja hapakuwa na uchaguzi. Ulikuwepo. Mwaka 1965 kila jimbo lililokuwa na ushindani lilikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba, na baadhi ya mawaziri waliangushwa. Kilichokosekana ni chama kingine cha kuchagua, na kwa urais palikuwa na jina moja tu la kukubaliwa au kukataliwa. Kwa hiyo kuwepo kwa sanduku la kura peke yake hakutoshi kuthibitisha demokrasia.

Tena demokrasia haisubiri mwaka wa uchaguzi. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita, ambao wengi wametoka vijijini, hushangaa wakisikia kwamba akishatimiza miaka 18 mkazi wa kijiji ni mjumbe kamili wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Migogoro mingi ya mashamba ingekutana na maswali mapema kama vijana wangehudhuria.

"Rais hana nafasi kwenye Bunge"

Hili ni fupi. Rais si mbunge, lakini Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, yaani Rais na Wabunge. Ndiyo maana muswada uliopitishwa na wabunge hauwi sheria mpaka Rais auridhie. Mahakama nayo si idara ya serikali, hata kama jengo lake limepakana na ofisi ya mkuu wa wilaya.

"Jinsia maana yake wanawake"

Kiswahili kimetupa maneno mawili na sisi tunatumia moja. Jinsi ni maumbile, yaani ya kike au ya kiume. Jinsia ni yale ambayo jamii imeyagawa juu ya maumbile hayo: nani apike, nani arithi, nani aongee kwanza barazani. Hata lile Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, wavulana wengi wanadhani haliwahusu, wakati mwanamume aliyefanyiwa ukatili naye ana haki ya kuhudumiwa pale.

Kwamba mgawanyo huo ni wa jamii na si wa maumbile, hapa kwetu hatuhitaji kwenda mbali kuliona. Kwa mila za Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama na ardhi ya ukoo hupita upande huo huo. Kwa makabila mengi ya kaskazini mwa nchi ni baba. Wanawake wa pande zote mbili wana maumbile yale yale.

"Elimu ya Kujitegemea ni kulima shamba la shule"

Hii ndiyo inayoniuma. Shuleni tunaiita EK, na mwanafunzi akisikia EK anawaza jembe, fyekeo na ndoo ya maji. Wengine wanawaza adhabu: umechelewa namba, nenda kalime matuta matatu.

Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha. Katika waraka huo anakumbusha kwamba mwaka 1961 Tanganyika nzima ilikuwa na wanafunzi 176 tu wa kidato cha sita. Malalamiko yake hayakuwa kwamba watoto hawalimi. Alilalamika kwamba elimu iliyorithiwa kwa mkoloni inawachagua wachache, inawatenga na wazazi wao, inawafundisha kuamini kwamba maarifa yamo vitabuni tu, na inawapima kwa mitihani inayopenda kumbukumbu kuliko fikra. Alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, maana walio wengi hawangeendelea mbele.

Shamba limo kwenye waraka, ni kweli. Lakini alitaka liwe sehemu ya masomo: mbolea ielezwe kwenye sayansi, na wanafunzi wenyewe wapange kazi, watunze hesabu na washiriki kuamua mapato yatumikeje. Sifa alizotaka mhitimu awe nazo ni tatu: akili inayodadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa au kurekebisha kisichomfaa, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Katika hizo hakuna hata moja inayopatikana kwa kulimishwa matuta kama adhabu. Tulichukua jembe tukaacha daftari la hesabu, kisha tukaiita EK.

Muhula uliopita niliwagawia kidato cha tatu kurasa za waraka huo kwa Kiswahili, tukazisoma zamu kwa zamu. Tulipofika kwenye sehemu ya hesabu za shamba, msichana mmoja asiyeongea sana akanyoosha mkono. "Mwalimu, mahindi tuliyovuna mwaka jana yaliuzwa shilingi ngapi?" Sikuwa na jibu. Jioni ile nilikwenda naye na wenzake wawili kwa mwalimu wa EK, akatoa daftari kwenye kabati, na wakakaa kwenye benchi la nje wakijumlisha magunia mpaka kengele ya chakula ikalia.