Kanga wa bandani na kanga ya kiunoni: nani alianza?

Ukiulizia kanga sokoni Darajani, Unguja, utatandikiwa doti. Ukimtaka ndege, itabidi ufafanue. Kwa kuwa nguo imo kila nyumba Unguja na Pemba, na wafugaji wa ndege huyu ni wachache, wapo wanaoshikilia kwamba ndege ndiye aliyeitwa kwa jina la nguo.

Ni kinyume chake. Wachewa wa Malawi humwita ndege huyo nkhanga, Washona wa Zimbabwe humwita hanga. Ni neno moja la Kibantu, la kale sana, wala hawakulipata kwa wauza nguo wa Unguja. Nguo yenyewe ni ya karne ya 19. Inasimuliwa kwamba wanawake wa mjini walinunua leso zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga zikawa shuka moja, na madoadoa ya vitambaa vya mwanzo yakawakumbusha watu manyoya ya kanga. Wengine hulitoa jina kwenye kitenzi cha zamani chenye maana ya kufunga. Kwangu mimi madoa yanatosha. Lenye asili ya Kireno ni leso, jina ambalo Mombasa bado wanaliita vazi hilohilo. Na yale maneno ya mafumbo tunayoyasoma kwenye pindo yalikuja baadaye, kwa hiyo hayana lolote la kutueleza kuhusu asili ya jina.

Kuna pia wanaodhani kanga aliletwa na majahazi. Aliyetoka Asia ni kuku. Kanga ni mzawa wa Afrika, na hata jina lake la kisayansi, Numida meleagris, linaanza na Numidia, nchi ya kale ilipo Aljeria ya leo. Neno la pili, meleagris, limetoka katika ngano ya Wagiriki: dada zake Meleagros walimlilia kaka yao aliyekufa mpaka wakageuzwa ndege, na machozi yakabaki kuwa madoa.

Bata mzinga naye si bata, wala si kanga aliyenenepa. Ni ndege wa Amerika, aliyefugwa Mexico kabla Wazungu hawajafika. Walimchanganya na kanga, na mwaka 1758 Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, akamwandika kwa jina la Meleagris. Waingereza walikuwa wameshamnasibisha na Uturuki kwa kumwita turkey. Waturuki wenyewe wanamwita hindi, yaani wa India!

Kororo wa msituni, mwenye kishungi cha manyoya, si kanga dume. Kanga dume na jike hufanana mno, wasikilize tu. Mlio wa vipande viwili ni wa jike, dume hana huo.