Karatasi ya majibu haijui kama una mimba

“Kaka, figo za huyu mama si ziko sawa?” Muuguzi wa zamu alinipigia simu maabara kutoka wodi ya wazazi, hapa Dodoma. Mama alikuwa na mimba ya wiki 33, presha 146/94, na protini kwenye mkojo. Kreatinini, taka ya damu ambayo figo huitoa, ilisoma 84 (mikromoli kwa lita), na mashine haikuweka alama yoyote.

Nikamjibu haziko sawa; nilishuku preeklampsia, ugonjwa wa presha ya mimba unaotangulia kifafa cha mimba. Mimba ikienda vizuri, figo huchuja damu zaidi ya kawaida yake, karibu mara moja na nusu, na kreatinini hushuka. Wajawazito wengi huwa kati ya 40 na 70. Viwango vilivyochapwa pembeni mwa karatasi ni vya mwanamke asiye na mimba, ndiyo maana 84 ilipita kimyakimya. Mimi huwa naandika kwa kalamu: “mjamzito, soma tofauti.”

Chembe sahani zake, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa 148,000, chini kidogo tu ya 150,000. Mimba peke yake inaweza kuzishusha kiasi hicho. Ila kadi yake ya kliniki ilionyesha 236,000 miezi miwili nyuma, na mporomoko huo ndio ulionishtua. (Kabla ya kumtisha mtu, angalia slaidi kwa darubini: kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau chembe sahani wakati mwingine hugandana, mashine ikazihesabu pungufu.) Vimeng'enya vya ini vilikuwa bado vimetulia.

Chanzo cha haya yote kipo kwenye kondo la nyuma. Lisipopata damu ya kutosha humwaga protini iitwayo sFlt-1, ambayo hukamata PlGF, ile inayotunza kuta za mishipa ya damu, kabla haijafika kazini. Ni kama jirani wa juu anayefunga pampu kwenye bomba la mtaa: maji yapo, ndoo zako zinabaki tupu. Mwaka 2003 watafiti wa Boston waliifanya miili ya panya itengeneze sFlt-1 kwa wingi. Panya hao wakapanda presha na kutoa protini kwenye mkojo.

Leo kiwango cha sFlt-1 kwenye damu hugawanywa kwa kile cha PlGF. Kwa mama anayeshukiwa, jibu la 38 au pungufu linasema preeklampsia haielekei kumpata ndani ya wiki moja ijayo. Jibu likizidi hapo halithibitishi ugonjwa. Linaongeza tu mashaka. Ningekitaka kipimo hiki kwa mama aliyetoka mbali, Kondoa au Mpwapwa, tunayejiuliza kama tumruhusu arudi nyumbani. Kwenye meza yangu kipimo hicho hakipo.

Kwa huyu niliomba damu nyingine baada ya saa sita. Sampuli ikaletwa saa nne usiku: chembe sahani 96,000, na ALT, kimoja cha vimeng'enya vya ini, imepanda maradufu. Slaidi haikuwa na mgando. Nikapiga simu wodini kabla hata ya kuchapa karatasi.