Barua ya Babu Usiipeleke Steshenari

Wiki iliyopita kijana mmoja alipanda ngazi hadi chumba changu cha kazi hapa Kariakoo, ninapochunguza barua na miswada ya waandishi, akaniamkia, akatoa mkobani barua ambayo malenga mmoja alimwandikia babu yake. "Mzee, nimeshailamineti isije ikaharibika." Hiyo ni ya tatu mwaka huu.

Najua tulikojifunzia. Dar es Salaam cheti cha shule kikitoka tu kinakimbizwa steshenari, kinapitishwa kwenye mashine, kinarudi kinang'aa. Lakini cheti kikiharibika, ofisi iliyokitoa ipo. Malenga amekufa, hataandika tena.

Mashine ile huyeyusha gundi ya plastiki kwa joto, gundi ikazama kwenye nyuzi za karatasi. Ukijaribu kubandua, unachana. Asidi iliyomo kwenye karatasi ya zamani nayo imefungiwa humo humo, inaendelea kuila mpaka igeuke kahawia. Barua ya kijana yule kona moja haikushika vizuri. Unyevu wa masika umepenya, ukungu umeota juu ya sahihi kama masizi, nami nauona kwa macho siwezi kuugusa. Hata alama za ncha ya kalamu ilivyokandamiza karatasi hazipapasiki tena, na hizo ndizo tunazozitafuta tunapothibitisha mwandiko.

Nunua bahasha ya poliesta, plastiki angavu, iliyo wazi pembeni, au karatasi isiyo na asidi. Itie barua humo bila gundi wala selotepu, iweke ndani ya boksi juu ya rafu, mbali na ukuta unaotoa jasho. Sanduku la uvunguni ni la mchwa. Nalisema hili kila siku na nitaendelea kulisema.

Glavu nyeupe za pamba? Achana nazo, zinakwaruza kingo na vidole havihisi karatasi. Nawa mikono, ikauke, basi.

Wengine huniambia, "Imepigwa taipu, haina thamani." Si kweli. Mswada wa tamthiliya uliopigwa taipu, mwandishi akafuta kwa kalamu kauli ya mhusika na kuandika nyingine pembeni, hunipa raha kuliko sahihi tupu.

Wapo wanaotaka kununua barua ya Shakespeare waliyoiona mtandaoni. Hakuna barua ya mkono wake inayojulikana. Zinazokubalika ni sahihi zake 6 tu. Usitume pesa.

Kumiliki barua si kumiliki maneno. Karatasi ni yako, lakini hakimiliki ni ya mwandishi na warithi wake, na sheria yetu ya 1999 inailinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Uliza kabla ya kuchapisha. Ila tunza! Barua za Shaaban Robert kwa ndugu yake Yusuf Ulenge tunazisoma leo kwa sababu aliyeandikiwa hakuzitupa.

Na karatasi za zamani zenye herufi za Kiarabu msizichome mkidhani zote ni za dini. Tenzi na barua za Kiswahili ziliandikwa hivyo karne nyingi, na Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayo miswada ya namna hiyo. Mtafuteni anayesoma kwanza.

Ile ya kijana tumeipiga picha pande zote mbili, sahihi ingali inasomeka. Nimemkataza kabisa kuibandua.