Jeni moja haimaanishi protini moja

Katika madarasa ya baiolojia Moshi na Arusha bado utasikia kwamba jeni moja hutoa protini moja tu. Kauli hiyo ina asili yake: mwaka 1941 wanasayansi Beadle na Tatum, wakichunguza ukungu wa mkate, walihusisha kila jeni na kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoharakisha kazi za kemia mwilini. Ilifaa wakati ule. Leo haitoshi.

Ribosomu, mashine ya seli inayotengeneza protini, husoma RNA (nakala ya jeni) herufi tatu tatu; kila kundi la tatu huitwa kodoni. Ukisogeza mwanzo wa kusoma kwa herufi moja, kodoni zote hubadilika; kila namna hiyo ya kugawa herufi huitwa fremu. Katika jeni ya CDKN2A ya mamalia, ekzoni ya pili (kipande cha jeni kinachobaki kwenye RNA inayosomwa) husomwa kwa fremu mbili, na zinapatikana p16 na ARF, protini zisizofanana kabisa ingawa zote huzuia saratani. ARF ilitambuliwa mwaka 1995.

Protini nyingi za fremu ya pili zilifichika kwa sababu programu za kutafuta jeni zilizoea kutupa fremu zenye kodoni chini ya 100. Kuzipata, linganisha kwanza herufi za jeni ileile kwa binadamu, panya na ng'ombe: herufi ya tatu ya kodoni kwa kawaida hubadilika kirahisi, kwa hiyo isipobadilika, shuku fremu ya pili. Huo si ushahidi kamili, kwani umbo la RNA pia huweza kuizuia herufi hiyo isibadilike. Kagua ribosomu zinapoanzia kusoma, kisha tafuta vipande vya protini kwa spektrometa ya masi, kifaa kinachopima uzito wa molekuli. Wengi hukwama hapa: matokeo hulinganishwa na orodha ya protini zinazojulikana, na protini isiyomo humo haitambuliki hata ikijaa kwenye sampuli. Ongeza kwanza fremu unazozishuku kwenye orodha hiyo.