Kiangazi katika shule ya ada kubwa, bila kulipa ada

Shule nyingi za umma za Marekani hufunga Mei au Juni na kufungua Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Kwa mzazi anayeingia zamu ghalani saa kumi na mbili asubuhi, hizo ni wiki kumi hivi za kujiuliza mtoto atashinda wapi, tena akifanya nini. Kambi za kulipia bei haishikiki. Familia nyingi za Waswahili hapa, hasa zilizotoka Kongo zikapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hazina habari kuwa ipo njia nyingine: shule binafsi ambazo kiangazi hupokea wanafunzi wa shule za umma, bure au kwa mchango mdogo sana.

Si jambo geni. Mwaka 1964 shule ya New Canaan Country School, jimboni Connecticut, ilianzisha Horizons, mpango ambao sasa umeenea majimbo mengi. Mwaka 1978 San Francisco University High School ikaanzisha Summerbridge, leo Breakthrough, kwa ajili ya watoto wa shule ya kati, yaani darasa la 6 hadi la 8; wanaofundisha ni wanafunzi wa sekondari na wa vyuo. Kule Honolulu, Punahou, shule aliyosoma Barack Obama, ina mpango wa PUEO tangu 2005 kwa kushirikiana na shule za umma za Hawaii. Makubaliano hufanana: shule ya umma hutoa majina ya watoto, ripoti zao na mara nyingi walimu, ya binafsi hutoa madarasa, maabara na bwawa la kuogelea, ambavyo vingekaa bure miezi miwili.

Bwawa hilo lisidharauliwe. Horizons wanafundisha kuogelea sambamba na kusoma na hesabu, na wana sababu. Kwa takwimu za CDC, idara ya afya ya umma ya serikali ya Marekani, watoto weusi wa miaka 10 hadi 14 hufa maji mabwawani kwa kiwango kinachozidi kile cha wazungu wa umri huo mara 7.6. Wapo wazazi wanaojaza fomu yote vizuri, wakifika ukurasa wa kuogelea wanagoma kutia sahihi. Hofu yao naielewa, ila mtoto asiyejua kuogelea ndiye aliye hatarini siku marafiki watakapomwita bwawani. Kama tatizo ni mavazi ya binti, semeni mapema. Vazi linalofunika mwili si jambo la kumkosesha nafasi.

Sasa kwa nini mpango kama Breakthrough ulenge shule ya kati? Kwa sababu hapo ndipo njia za hesabu huachana. Anayesoma aljebra ya kwanza darasa la 8 husoma jiometri la 9, aljebra ya pili la 10, na kwa mwendo huo anafika kalkulasi, hesabu ya juu kabisa ya sekondari, darasa la 12. Anayeianza aljebra ya kwanza darasa la 9 kwa kawaida humaliza sekondari bila kalkulasi, labda abebe masomo mawili ya hesabu mwaka mmoja. Mtoto aliyefika nchini akiwa darasa la 5 huweza kuwekwa njia ya polepole kwa sababu ya Kiingereza chake, hata kama hesabu anaziweza. Wiki sita katika darasa dogo, na mwalimu anayemsikiliza, zinaweza kumrudisha kwenye njia yake.

Zinaweza, akihudhuria. Taasisi ya utafiti ya RAND ilifuatilia masomo ya kiangazi katika shule za umma za Boston, Dallas, Duval County, Pittsburgh na Rochester. Watoto wale walikuwa wadogo zaidi, wametoka darasa la 3, lakini funzo ni lilelile: faida ya hesabu ilionekana kwa waliohudhuria siku 20 au zaidi, na baadhi ya waliosajiliwa hawakutokea hata siku moja. Katika jamii yetu sababu naijua. Binti wa miaka 13 ndiye yaya wa nyumbani. Mama akienda kazini, yeye hubaki na wadogo zake. Kwa hiyo kabla hujavutiwa na jina la shule, uliza mambo mawili: basi linapita mtaani kwetu? Na wadogo zake wana nafasi? Horizons, kwa mfano, huanza na watoto wa chekechea.

Lawama nazo zipo. Baadhi ya mipango huchagua watoto ambao tayari wanafanya vizuri, halafu shule binafsi ikajisifu kwa mafanikio ambayo mwalimu wa umma alikwisha kuyajenga. Mimi huupima mpango kwa swali moja: mtoto akirudi Septemba, mwalimu wake atapewa taarifa ya alichosoma? Kama hapewi, ushirikiano huo ni wa kuazima majengo tu.

Maombi mengi hufanyika kati ya majira ya baridi na machipuko, kabla hata watu hawajaanza kuwaza likizo. Mwone mshauri wa wanafunzi mwezi Januari na uombe mkalimani wa shule. Usimfanye mtoto atafsiri habari zake mwenyewe. Kwa kawaida wataomba ripoti ya shule na barua ya mwalimu, pengine na insha fupi ya mtoto. Ukiambiwa nafasi zimejaa, omba aandikwe orodha ya kusubiri na uache namba ya simu ambayo hupokelewa mchana, maana viti vya wasiotokea hujulikana wiki ya kwanza tu.