Kapeti limelowa mbele, maji yanaingilia nyuma

Masika ikianza tu hapa Dar simu ninazopigiwa zinakuwa za aina moja, fundi gari inaingiza maji, na kabla sijauliza chochote mtu ashaniambia ni kioo cha mbele. Mimi kazi yangu ni bodi na mambo ya ndani ya gari, nipo Tabata, na hii naiandika kwa uchungu kidogo maana naona watu wanatolewa vioo, wanapakwa silikoni kila kona, wanalipa hela zao, afu mvua ya kwanza tu kapeti limelowa chapachapa kama mwanzo.

Mwezi wa nne kuna dada mmoja wa Kimara aliniletea Rav4 ya mwaka 2001. Upande wa abiria mbele ukikanyaga kapeti maji yanapanda juu ya kiatu. Akaniambia, "Kaka mi nishachoka, kioo kimetolewa mara mbili na maji yapo palepale, watoto wanakaa na harufu hii kila siku." Nikamwambia dada niachie gari siku tatu na leo kioo sikigusi.

Kitu cha kwanza ninachofanya sio kutafuta tundu. Nayaangalia maji yenyewe. Kama ni masafi, ya baridi, na yanatokea siku ya jua kali ukiwa umewasha AC basi hiyo sio mvua kabisa, ni mrija wa AC umeziba, na hewa ya Dar ilivyo na unyevu AC inatoa maji mengi sana, yale unayoyaona yanadondoka chini ya gari ukipaki. Sasa yasipodondoka nje yatadondokea wapi, yanarudi ndani miguuni kwa abiria maana kwenye hizi gari zetu za usukani kulia boksi la AC lipo kushoto. Hapo unatafuta kamrija kanakotokea upande wa injini, unakazibua taratibu na waya laini usio na ncha, usichokonoe ndani sana ukatoboa evapareta, kile kinachopoza hewa ya AC, ikawa kesi nyingine. Kama maji yananata, yana harufu tamutamu na rejeta inapungua bila kuvuja chini, hiyo ni hita inavuja, ile ya kupasha joto ndani ya gari, hata kama wengi hapa hatujawahi kuiwasha maji ya rejeta bado yanapita mle. Kama yana mchanga na yanatokea ukipita kwenye madimbwi, angalia chini, vile vifuniko vya mpira vya sakafuni vimetoka au raba inayopitisha waya nyuma ya fenda imechanika. Ya yule dada yalikuwa ya rangi ya vumbi hivi, hayanati, na gari ikikaa juani wiki nzima hayaongezeki. Kwaiyo ni mvua.

Kitu cha pili ni kukausha, na hapa ndo watu wengi hawana uvumilivu. Huwezi kutafuta panapovuja kwenye gari iliyolowa, utajuaje maji mapya ni yapi? Nikatoa siti, nikatoa plastiki za vizingiti, nikalitoa kapeti lote. Chini ya kapeti kuna pamba nzito imeshikana nalo, ile inanyonya maji kama sponji, juu unaweza kupapasa ukaona pakavu kumbe chini kuna lita za maji zimekaa miezi. Bati lilishaanza kutu. Na chini ya siti zinapita waya na soketi, kwenye gari nyingine ni za eabegi, kuna gari na kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, iko sakafuni kabisa, kwaiyo mtu akikwambia eti ni maji tu weka karatasi za magazeti yatakauka usimsikilize, taa za ajabu kwenye dashibodi nyingi zinaanzia hapo.

Gari ilipokauka nikachukua mpira wa maji. Mashine ya kuoshea magari hapana, ile inasukuma maji kwa nguvu yanapita hata kwenye raba nzima, utatibu ugonjwa ambao haupo. Maji yatiririke taratibu kama mvua, unaanzia chini unapanda juu, mlango kwanza, afu chini ya kioo, afu pembeni ya kioo, afu paa, kila sehemu dakika kama kumi, na kijana wangu yuko ndani na tochi. Ukianza na paa maji yatashuka yatalowesha kila kitu na hutajua yameingilia wapi.

Saa nzima, kukavu. Kioo kikavu, mlango mkavu, paa kavu.

Hapo fundi mwingine angesema gari imepona. Mimi nikampigia yule dada nikamuuliza swali moja, dada nyumbani unaipakije gari? Akasema kwao ni mteremko, anaiingiza imeangalia bondeni. Aliyewahi kufika Kimara anajua ile milima ilivyo. Na gereji yangu ni sakafu ya saruji iko sawa kabisa.

Nikaweka jeki, nikainua nyuma mpaka gari ikainamisha pua. Nikatoa plastiki ya nguzo ya mbele kushoto, ile iliyo pembeni ya kioo cha mbele, nikapaka poda ya watoto kwenye bati lote kuanzia juu ya nguzo mpaka chini, maana kwenye poda hata tone moja likipita linaacha njia yake. Tukarudia maji kwenye paa. Dakika ya saba hivi kijana akaniita. Mstari mmoja mwembamba umekata poda, umeshuka kwenye nguzo hadi sakafuni. Nikashusha kitambaa cha dari upande ule nikaufuata ule mstari kwenda nyuma, kidogo kidogo, nikiweka tishu kila baada ya shubiri, mpaka nikafika mguu wa nyuma wa keria, ile ya kubebea mizigo juu ya paa.

Ile keria imefungwa na bolti zinazopita kwenye paa, na chini ya kila mguu kuna raba. Raba ya mguu wa nyuma ilishakuwa ngumu kama plastiki na ina nyufa, jua la zaidi ya miaka 20 hilo. Gari ikiwa sawa maji yanayoingia ni machache, yanakaa juu ya kitambaa cha dari au yanaelekea nyuma yanapotea. Gari ikiinama yanasafiri kwenye mfereji wa bati mpaka mbele, yanashuka na nguzo, yanatokea miguuni kwa abiria, jirani kabisa na kioo. Ndo maana kila aliyeangalia alikiona kioo. Maji hayana haraka na hayana njia ya mkato, yanafuata bati, yanafuata waya, yanatembea hata mita mbili ndani ya gari kabla hujayaona.

Kurekebisha kwenyewe ilikuwa kazi ndogo kuliko kutafuta. Kufungua miguu yote minne maana kama mmoja umekufa wenzake wako njiani, kusugua kutu, praima, kukata raba mpya, gundi ya poliyurethani kuzunguka bolti. Raba za mtumba kwenye maduka ya spea Gerezani zipo ila zina umri uleule wa hizi ulizotoa, bora ukate mpya kwenye mpira mzuri.

Sasa hiyo ya keria sio inayotokea kila siku. Inayotokea kila siku ni mlango, na hii naomba mniskilize vizuri. Mlango wa gari kuingiza maji ndani yake ni kawaida, umetengenezwa hivyo. Mvua inapita kwenye raba ya nje ya kioo, inashuka ndani ya mlango, inatokea kwenye vitundu vya chini. Kinachozuia maji yasije kwako ni nailoni iliyobandikwa nyuma ya ile trimu ya mlango, yaani kifuniko chake cha ndani, kwa gundi nyeusi laini isiyokauka. Ile nailoni watu wanaiona takataka. Fundi kioo cha umeme akifungua mlango anaichana, mfunga spika anaikata tundu kubwa, wakirudisha trimu hakuna anayeirudisha nailoni, na wewe huwezi kujua maana imefunikwa. Baada ya hapo kila mvua maji yanadondokea juu ya kizingiti yanaingia chini ya kapeti. Dalili ni trimu kulowa kwa chini, mbao yake kuvimba, na spika kuanza kukoroma. Kwaiyo mtu akigusa mlango wako kwa sababu yoyote simama hapo hapo, hakikisha nailoni imerudi nzima na sehemu yake ya chini imeingizwa ndani ya ule mwanya wa mlango ili maji yarudi yalikotoka. Ikichanika nunua nailoni nzito ya dukani, gundi nyeusi ya mkanda, unaimaliza kwa saa moja. Na ukifungua mlango ukasikia maji yanacheza ndani kama ndoo, vile vitundu vya chini vimeziba na tope, zibua na kijiti leo leo kabla mlango haujaoza.

Cha pili ni majani. Sisi wote tunagombania kivuli, tunapaki chini ya mwarobaini au mwembe, na vile vijani vidogo vya mwarobaini vinaingia chini ya waipa pale kwenye ile plastiki yenye matundu, vinaoza vinakuwa kama udongo, vinaziba njia ya maji. Maji yakijaa pale yanapanda hadi kwenye tundu la hewa ya feni na yanashukia kwa abiria, na feni yenyewe inakufa. Hii gari nyingi sana zinatibiwa kwa kufungua ile plastiki na kutoa majani kwa mkono, hakuna hata gundi. Fanya mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli.

Wenye sanruf, yaani kile kidirisha cha paani, raba ya sanruf haizuii maji yote na haijawahi kuzuia. Kuna mfereji unaizunguka na mirija kwenye kona, kwa kawaida minne, inapita ndani ya nguzo kutolea maji chini. Mwaga kikombe cha maji taratibu kwenye kona, uone kama yanatokea chini ya gari. Yasipotokea usipulize na kompresa, mrija unachomoka kwenye maungio ndani ya nguzo na hapo ndo umeharibu kabisa, tumia uzi mnene wa nailoni ule wa mashine ya kufyekea majani. Kwenye buti angalia raba za taa za nyuma, taa ya breki ya juu, na vile vipleti vya kutolea hewa nyuma ya bampa, hasa kama gari ilishawahi kugongwa nyuma.

Ikikushinda kabisa kuna njia ya sabuni. Funga vioo vyote, ziba kwa tepu vile vipleti vya hewa nyuma, feni mwisho kwenye hewa ya nje sio ile ya kuzungusha, afu nje paka povu la sabuni kwenye maungio na raba. Panapopumua patatoa mapovu. Mimi naifanya jioni kivulini, juani sabuni inakauka kabla hujaona kitu.

Kuhusu silikoni. Ile inayonuka kama siki ina asidi na inakula bati, unaziba tundu leo unatengeneza kutu chini yake. Afu kioo kikija kutolewa siku nyingine gundi sahihi ya vioo haishiki juu ya mabaki ya silikoni, fundi akwangue mpaka bati. Kwenye ile Rav4 nilitumia karibu nusu siku kukwangua silikoni iliyopakwa kuzunguka kioo ambacho hakikuwa na kosa lolote, na chini yake fremu ilishaanza kutu kwa kweli, yaani wangechelewa kidogo kioo nacho kingeanza kuvuja.

Gari sikumrudishia na kapeti. Nilimwambia dada nenda nayo hivi hivi sakafu wazi, paki palepale unapopaki siku zote, nimekuwekea tishu kwenye nguzo na karatasi kavu sakafuni, mvua ikinyesha nitumie picha. Zikanyesha mvua tatu, moja ile ya usiku kucha, na kila asubuhi ananitumia picha ya karatasi kavu. Kapeti lilikuwa limeanikwa kwangu muda wote huo, limeoshwa, pamba imegeuzwa kila siku maana kwa unyevu wa Dar juu inakauka haraka ila katikati inabaki na maji. Jumamosi ndo akaja tukalifunga.